Google si intaneti yenyewe

Dada, umeuliza kama Google ndo intaneti yenyewe, la, si hivo, na wengi huchanganya hapa kwa hivo usione haya. Intaneti ni kompyuta za dunia nzima zilounganishwa, chukulia ni bahari baina ya Unguja na Pemba, wavuti, yaani tovuti zote kwa pamoja, ni chombo kimoja tu kinopita humo, aliubuni Tim Berners-Lee mwaka 1989 kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia Uswisi, na intaneti ishakuwepo zamani. Ndo maana WhatsApp inakwenda bila ya kufungua tovuti yoyote. Brauza, wengine huita kivinjari, ni programu ya kufungulia tovuti, mfano Chrome au Firefox, na Google ni tovuti ya kutafutia tu.

Lakini neno la kulishika hasa ni anwani, ile iloandikwa juu kwenye brauza. Isome kabla hujatia paswedi, tovuti za serikali yetu jina lake huishia na go.tz, maana jirani yangu hapa Wete alibonyeza linki ya kughushi akapoteza akaunti yake na picha za wanawe, iliniuma mno. Na kile kikufuli kilo karibu na anwani hakisemi kama mwenye tovuti ni mkweli, kinasema tu wa njiani hawasomi unachoandika. Kudaunilodi ni kuteremsha faili likae kwenye simu, hula bando.