Usimwambie Mtoto Kwamba Mieleka ni Uongo

Wazazi wenzangu wa Mwanza, nina ombi. Siku mtoto wako atakaporudi kutoka kibanda umiza macho yamemtoka, anakusimulia jinsi fulani alivyombwaga fulani juu ya meza hadi ikapasuka, usimjibu, "Achana nao hao, wanaigiza tu." Najua kwa nini tunasema hivyo. Tunataka kumtuliza, tunataka asipende ukatili. Lakini nimelea wavulana pamoja na watoto wa dada yangu katika nyumba ambayo mieleka haizimwi, na jibu hilo ndilo ninaloliogopa kuliko mengine yote. Mtoto akishaamini kwamba wale watu hawaumii, atamnyanyua mdogo wake na kumbwaga chini kwa moyo mweupe kabisa, akitegemea mdogo wake atainuka kama wanavyoinuka wale wa kwenye televisheni.

Na chini kwetu ni mawe. Ukiishi mlimani Mabatini, Igogo au Bugarika, unajua kwamba ua wa nyumba nyingi ni mwamba wenyewe, umefunikwa na vumbi kidogo. Watoto wanacheza hapo hapo kwa sababu hakuna pengine. Ulingo wa mieleka una mbao zinazonesa juu ya vyuma, na juu yake sponji na turubai. Mwamba haunesi.

Kwetu mjadala huu ulifunguka kwa pambano la wanamieleka Cody Rhodes na Seth Rollins, kwenye onyesho la Hell in a Cell la WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, tarehe 5 Juni 2022, pale Rosemont, pembeni ya Chicago. Lilikuwa pambano la tatu la bifu lao. Cody alikuwa ameshinda mawili ya kwanza, na hili la tatu likawekwa ndani ya kizimba cha chuma ili wamalizane. Rollins akaingia amevaa nguo za madoadoa kama alizokuwa akivaa Dusty Rhodes, marehemu baba yake Cody. Yaani kumtukana mtu baba yake mbele ya ukumbi mzima, bila kufungua mdomo.

Kwao ilikuwa Jumapili usiku, huku kwetu Jumatatu alfajiri, kwa hiyo sisi tuliliona baadaye, likiwa kwenye flashi. Cody alikuwa ameumia msuli wa kifua cha kulia siku chache kabla. Halafu akiwa kwenye mazoezi ya kunyanyua vyuma, msuli ukachanika kabisa ukaachana na mfupa. Alipovua koti, sebule yangu ilinyamaza. Ngozi ilikuwa na rangi ya zambarau iliyokolea, karibu na weusi, kuanzia katikati ya kifua, ikipanda begani na kuteremka kwenye mkono. Mwanangu, ambaye jirani alishamhakikishia kwamba mieleka ni maigizo, akanigeukia: "Mama, kama wanaigiza, mbona kifua chake kimekuwa hivyo?"

Nikasimamisha video, nikamweleza yote bila kumficha. Mshindi hupangwa kabla. Bifu hutungwa na kukuzwa, kwa lugha ya mjini ni kiki, ili watu wanunue tiketi. Lakini uzito wa mtu haupangwi. Rollins alipomchapa ile fimbo ya kendo pale pale penye jeraha, fimbo ilifika kwenye mwili. Cody alipigana kama mtu wa mkono mmoja kwa zaidi ya dakika ishirini, akashinda kwa nyundo. Kesho yake Rollins akatokea mbele ya watu, akampongeza kama mtu aliyekubali yaishe, kisha akamvamia kwa nyundo ile ile. Watoto wakapiga kelele kwamba ni roho mbaya. Nikawaambia subirini: Cody anakwenda kufanyiwa upasuaji, atakosekana miezi mingi, na hadithi inahitaji sababu ya yeye kukosekana. Kweli hakurudi hadi onyesho la Royal Rumble la Januari 2023. Yule "adui" alikuwa anamfungulia mlango wa kwenda hospitali.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Kisesa, na yeye hakuhitaji maelezo yangu. Aliangalia kidogo akasema, "Hawa si Bagika na Bagalu hawa?" Kwa msomaji asiye wa huku: hivyo ni vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, kimoja cha Ngika na kingine cha Gumha, na upinzani wao umerithiwa tangu karne ya 19. Nenda Bujora, huko huko Kisesa, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya mwezi wa sita, utawaona. Pande mbili zinacheza wakati mmoja, kila upande unamwimbia mwenzake kejeli zisizomezeka, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Ushindani umetengenezwa uvute watu, na kila mtu uwanjani anajua. Hata hivyo Bayeye, wachezaji wa ngoma ya nyoka, wakija na nyoka wao, nyoka ni nyoka. Hakuna mzazi Kisesa anayemwambia mwanawe, "Usiogope, yule chatu ni wa maigizo." Tunamwambia kwamba wale wamefundishwa, wana dawa na wana mbinu, wewe huna, kaa hapa. Mtoto anaelewa, na bado anaifurahia ngoma.

Ndivyo ninavyofanya kwa mieleka. Tunaangalia pambano mara mbili. Mara ya kwanza tunapiga kelele, tunachagua upande, mimi mwenyewe nasimama kwenye kochi. Mara ya pili naweka polepole, na watoto wanatafuta kitu kimoja tu: nani anamlinda nani, na kwa kiungo gani. Hapo ndipo macho yao yanapobadilika. Wanaona kwamba anayenyanyuliwa ndiye anayeruka kwanza, na mkono wake umeshika kiuno au paja la mwenzake ili wasipotezane. Wanaona kidevu kimebanwa kifuani kabla ya mgongo kufika chini, ili kisogo kisiguse. Mgongo wote unafika kwa pamoja, viganja vinapiga sakafu, pumzi inatolewa. Nyundo ikija, mara nyingi kiganja cha mpigaji kimefunika kichwa cha nyundo. Mtoto wa dada yangu siku hizi ananiita kutoka jikoni: "Mama mdogo, njoo uone, amemshika shingo ili asiumie!" Anaona ulinzi pale ambapo zamani aliona kipigo.

Baada ya hapo ndipo sheria za nyumbani zinapokubalika, kwa sababu zina maelezo. Kwangu hakuna kumwinua mtu miguu yake ikaacha ardhi. Hakuna kabali wala kitu chochote cha shingo. Hakuna kuruka kutoka juu ya kitu, kiwe kitanda, ukuta au jiwe, kumwangukia mtu. Nikiulizwa kwa nini, ninayo majibu. Steve Austin alikuwa bingwa, na Owen Hart aliyekuwa akipambana naye Agosti 1997 alikuwa fundi aliyezaliwa kwenye ukoo wa wanamieleka. Kichwa cha Austin kilishuka chini kidogo tu kuliko ilivyotakiwa, Austin akaumia shingo, akalala pale hawezi kusogea. Kama mafundi wawili inawatokea, watoto wa darasa la nne itakuwaje? Na tangu 2010 WWE walikataza kupigana viti vya kichwa, baada ya watu kuelewa zaidi madhara ya ubongo kutikiswa mara kwa mara. Hilo lilikuwa agizo kwa watu wazima wanaolipwa.

Wengine hufikiri suluhisho ni kuwapeleka watoto wakabwagane ziwani, maana maji ni laini. Hapana, jamani. Kwenye maji ya kina kifupi mwambaoni kuna mawe usiyoyaona, na kuna kichocho.

Nikishaondoa hatari, ninawaachia vingine vyote, na ni vingi. Wana mikanda ya maboksi iliyofunikwa kwa karatasi za ndani ya pakiti za sigara. Wana kuingia ulingoni kwa mbwembwe, shuka mgongoni, mwenzake anapiga ndoo. Kikubwa zaidi wana majigambo. Bifu la mieleka linajengwa kwa maneno kabla ya mwili, na watoto wetu wana ulimi. Niliweka kanuni kwamba kabla ya "pambano" lolote kila mmoja ajigambe mbele ya wote, na asimtaje mzazi wa mwenzake wala kasoro ya mwili. Wanachanganya Kiswahili na Kisukuma, wanatunga, wanafuta, wanatunga tena. Mara nyingi majigambo yananoga hadi pambano lenyewe linasahaulika.

Sasa kuhusu vile vya zamani. Pale unapojaziwa flashi, kijana wa duka atakuwekea na mapambano ya miaka ya 1990, na hayo ni mazito kuliko ya leo. Lipo la Undertaker na Mankind, Pittsburgh, 28 Juni 1998. Mankind, jina lake halisi Mick Foley, anatupwa kutoka juu ya kizimba, karibu mita 5, anaangukia meza ya watangazaji. Anarudi juu. Anabwagwa tena, safari hii paa la kizimba linaachia bila kupangwa, anaanguka hadi ulingoni na kiti kinamfuata usoni. Mimi silionyeshi kwa mtoto mdogo. Kwa mkubwa nalionyesha nikiwa nimekaa naye, na ninamwomba aangalie uso wa Undertaker akiwa juu anachungulia lile tundu. Kisha namweleza kuhusu Owen Hart, yule yule niliyemtaja. Tarehe 23 Mei 1999, Kansas City, alikuwa anashushwa kwa kamba kutoka paa la ukumbi kama sehemu ya kuingia kwa mbwembwe. Kifungio kikaachia. Alifariki akiwa na miaka 34. Sijawahi kumwona mtoto aliyesikia habari hiyo akisema tena kwamba wanaigiza tu.

Ikitokea mtoto ameanguka vibaya, tafadhali sana, tuache mazoea. Akilalamika shingo au mgongo, au akisema mikono na miguu inakufa ganzi, asinyanyuliwe, asikandwe kwa maji ya moto, asinyooshwe na fundi wa viungo, na asipakiwe mshikaki kwenye bodaboda. Mwache alale alivyo, mtu mmoja ashikilie kichwa kisigeuke, wengine watafute gari ambalo ataingizwa amelala kwenye kitu kigumu kama mlango au ubao. Kama aligonga kichwa na anaonekana mzima, mwangalie siku hiyo na usiku wake. Akitapika tena na tena, akisinzia isivyo kawaida, akiongea mambo yasiyoeleweka, akipata degedege au kichwa kikizidi kuuma, ni hospitali saa hiyo hiyo. Na mtoto akuambie bila kuogopa fimbo, maana anayeogopa fimbo ataficha.

Yupo pia mtoto ambaye kwake huu si mchezo wa kupita, anataka kuwa mwanamieleka kweli. Usimcheke. Mtafutie judo au mchezo mwingine wa kupambana wenye mwalimu, na siku ya kwanza kaa pembeni uangalie anaanza na nini. Mwalimu anayejua kazi ataanza kwa kufundisha kuanguka, kutwa nzima, wiki baada ya wiki, hadi mtoto achoke kuanguka. Anayeanza kwa kufundisha kumtupa mwenzake, mchukue mwanao mrudi nyumbani, mkatafute mwingine.