Eti kutamka jina la mgeni kama lilivyo ni kujitia Uzungu?

Uzi huu naufuata tangu juzi. Mwenzetu kauliza kama yule mtangazaji aliyesema "Pari", kama Wafaransa wenyewe, badala ya Paris alikuwa anajishaua, au ndivyo itakiwavyo. Wengi mmemcheka mtangazaji. Mie nitajibu kwa niliyoyaona, maana majina ya watu ndiyo yaliyonilisha. Nimetembeza wageni Unguja miaka 11, na kazi hii inaanzia uwanja wa ndege, kwa kuita jina.

Siku za mwanzo nilitumiwa majina kwenye simu: Michele na Chiara, Wataliano. Kibao sina. Nikajua hawa wanawake wawili. Nimesimama pale wanapotokea abiria, jua la saa nane, napiga kelele "Misheli! Chiara!", ch ile ya chai. Watu wanapita. Kuna jibaba moja la ndevu limesimama hatua tatu mbele yangu na mabegi, nami nanyoosha shingo kulichungulia kwa nyuma nimwone huyo bibie Misheli. Ikawa karibu nusu saa. Mwisho bwana yule akasogea, akaitupia macho simu yangu, akajigonga kifuani: "Mikele." Akamwonyesha mkewe: "Kiara." Kumbe Kitaliano ch ikifuatwa na i au e ni k, na Michele ndiye Mikaili wao, mwanamme kamili! Kutoka pale mpaka Kiwengwa sikusema neno.

Kesho yake nikanunua daftari la skuli. Kila mgeni nikimuuliza jina, naliandika ninavyolisikia, kwa herufi zetu. Siobhán, Muairishi, nimemwandika Shivon. Wojciech wa Poland ni Voichekh. Kiswahili kwa hili hakina mpinzani, kwani ukishaandika sauti, atakayesoma ataitoa ile ile.

Na sisi watu wa visiwani tuna mtaji ambao hatuuhesabu. Tumepelekwa chuo cha Kurani wadogo, ukikosea kha unarudishwa mpaka ikae. Hiyo kha ndiyo wanayoitumia Wapoland, ndiyo ya Wajerumani kwenye jina Bach. Dhali yetu, dh ile ya dhahabu, imo ndani ya jina la Kiingereza Heather, wakati Mfaransa anahangaika nayo mpaka inamtoka z. Majina ya Kijapani ndiyo usiseme, karibu kila silabi inaishia kwa vokali, Yamamoto anaweza kuwa jirani yako wa Makunduchi. Hata Mbappé, watangazaji wa Kizungu wengine wanaanza na "Em", sisi wa mbuzi na mboga tunapita moja kwa moja.

Yule Wojciech alitaka kuiona Pemba, nikampeleka mpaka kwetu Wete. (Njiani anaisoma ramani, Chake Chake anaiita "Cheik Cheik". Nikamwacha kwanza.) Mama kaandaa chai na mkate wa kumimina, kaniuliza, "Mwanangu, mgeni wako jina lake nani?" Nikamwambia Voichekh, mwisho wake kama mwisho wa sheikh. Mama wala hakusita: "Karibu baba, Voichekh, kula." Bwana yule akaweka kikombe chini. Akamwomba mama arudie. Akaniambia Waingereza aliofanya nao kazi walishindwa, wakamkatia jina likabaki herufi ya mwanzo tu.

Lakini tusijisifu sana. Madaktari wa Kichina wako Zanzibar tangu 1964, wametutibu Mnazi Mmoja, wametutibu Mkoani, na ukimuuliza mtu aliyepasuliwa nani kakupasua, atakwambia "daktari Mchina". Watoto wakiona Mchina barabarani wanamwigiza sauti za ajabu, na wakubwa barazani wanacheka. Wakubwa hao hao, mtu wa bara akisema Hadija badala ya Khadija, au samani akikusudia thamani, watamcheka wiki nzima. Na kijana wetu akikosea neno la Kiingereza mbele ya watu, basi hatolisema tena. Kwa hiyo tukicheka hatupimi matamshi, tunapima lugha ya nani ina cheo.

Nirudi kwa mtangazaji wenu. Mie sioni kama alijitia, ila wala hakuwa na haja. Jina la mji au nchi ni mali ya kila lugha inayolitaja. Twasema Ugiriki, na wenyewe hawajatushitaki. Sisi twasema skuli kwa kuwa tulitawaliwa na Muingereza, bara wanasema shule kwa sababu ya Mjerumani, na hakuna aliyekosea. Paris ikiwa na s mdomoni mwa Mswahili iko nyumbani. Mtu ni jengine. Mtu anasikia akiitwa.

Ninachofanya ni kumuuliza mgeni, "Mama yako anakuitaje?" Ukimuuliza "jina lako nani" atakupa lile la kurahisishia watu wa hoteli. Ukimtajia mama, anatabasamu kwanza, halafu linatoka lenyewe. Akishikilia la kurahisisha, mpe hilo hilo, ni haki yake. Yule mwimbaji Farrokh Bulsara alizaliwa hapa mjini 1946, akataka mwenyewe aitwe Freddie Mercury, na dunia ikamuitikia.

Mie naitwa Khamis. Wageni wananiita "Kamis", naitika, sina kinyongo. Ila mmoja, mama wa makamo, alikataa kushindwa. Tumetoka Jozani anajikohoza kiti cha nyuma, kh, kh, dereva anadhani vumbi limemwingia kooni, anafunga vioo. Tulipofika Darajani likatoka, Khamis, safi kama la mwalimu wangu wa chuoni. Nikashuka nikamnunulia dafu.