Mwenye hemofilia kubadilishiwa vali ya moyo

Pole sana, dada. Umeuliza mdogo wako mwenye hemofilia A achague vali ipi, na kama ajiunge na utafiti alioombwa.

Vali ya kimakanika hudumu, lakini humfunga mtu kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote, na mdogo wako tayari damu yake haigandi vizuri kwa kupungukiwa faktari ya 8, protini ya kugandisha damu. Ya tishu ya mnyama huchakaa mapema, ila mara nyingi humwepusha na dawa hiyo ya kudumu. Mimi ningeelemea huko. Daktari wa damu naye awepo kwenye kikao: faktari hupimwa na kuongezwa kabla ya kisu na siku kadhaa baadaye, hata kidonda kikionekana kimekauka.

Utafiti si mtego. Bila wagonjwa kama yeye, madaktari hubaki kukisia. Lakini asisaini siku hiyohiyo. Aulize nani mwenye mamlaka ya kuusimamisha mambo yakiharibika. Utafiti wa dabigatrani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa wenye vali za kimakanika, uliochapishwa 2013, ulisitishwa mapema kwa sababu mabonge ya damu na kuvuja vilizidi kuliko kwa waliotumia warfarini. Na ana haki ya kujitoa wakati wowote, matibabu yake yakiendelea.