Usifute Kila Kilichotikisika: Kwa Wanaoanza Kazi ya Vifaa vya Kupima Moyo

Ukianza kazi ya vifaa vya kuvaliwa vinavyopima moyo, utaambiwa mapema kwamba kihisi mwendo kimewekwa ili kusafisha ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo. Kweli kinasaidia. Ila mimi nakithamini zaidi kwa sababu kinatueleza mwili ulikuwa unafanya nini wakati mapigo yanarekodiwa.

Kabla ya mgonjwa yeyote, kilaze kifaa mezani usome mihimili yake mitatu. Mmoja utaonyesha karibu 1 g ingawa hakuna kinachosogea, maana kihisi kinapokea mvutano wa dunia. Kigeuze pande zote sita, andika namba. Mhimili unaosoma 0.9 upande mmoja na -1.1 upande wa pili umepotoka kwa 0.1, urekebishe kwanza. Mvutano huohuo ndio utakaokuonyesha kama mgonjwa alilala chali au ubavu, na mkao ukibadilika umbo la QRS, kile kichwa chembamba cha kila pigo kwenye mchoro, nalo hubadilika. Usipolijua hilo utaona ugonjwa pale mtu alipojigeuza tu kitandani.

Kagua pia saa za ndani. Kama ECG na kihisi vinahesabu muda kwa saa mbili tofauti, tofauti ya sehemu 20 katika milioni inafika sekunde 1.7 kwa siku. Hapo utailaumu hatua kwa jambo lililotokea pigo moja au mawili kabla yake.

Mfano wa kujifunzia ni mswaki. Mkono unaokwenda na kurudi mara nne au tano kwa sekunde unaweza kutikisa elektrodi za kifuani, vile vibandiko vinavyonasa umeme wa moyo, na kuchora mawimbi mapana ya 240 hadi 300 kwa dakika, yanayofanana kabisa na takikadia ya ventrikali, yaani mapigo ya kasi yanayoanzia vyumba vya chini vya moyo, hali inayoweza kuua. Usikimbilie kuamua. Pima nafasi kati ya QRS za kabla ya fujo, kisha endelea na kipimo hicho ndani yake. Mara nyingi utaona vichwa vyembamba vimejificha humo, vinakwenda kwa mpangilio uleule. Kihisi kikionyesha mtikisiko wa kasi ileile, ushahidi umekuwa wa pande mbili.

Saa za mkononi zinazotumia mwanga zina mtego wao: mtu anakimbia hatua 165 kwa dakika, moyo uko 140, na kioo kinaonyesha 165. Linganisha na kamba ya kifuani inayopima umeme wa moyo.

Joto nalo lina mambo yake: jasho hulegeza elektrodi, na elektrodi iliyolegea hutikisika hata kwa mwendo mdogo. Kusugua ngozi vizuri kabla ya kubandika kutakusaidia kuliko chujio lolote la programu utakaloandika.

Ninalowasihi kuliko yote: msiandike programu inayotupa kila kipande chenye mwendo mkali. Mtu ambaye moyo wake umeyumba anaweza kuzimia na kuanguka, na kuanguka huko kihisi kitakuandikia kama kishindo kikubwa, kisha mkao wa kulala, kisha utulivu. Daktari anazihitaji sana sekunde zilizotangulia kishindo hicho. Kiwekeeni kipande hicho alama kwamba kina mtikisiko, hifadhini data ghafi ya vihisi vyote viwili, na mwacheni daktari aione kama ilivyo.