Swali la lugha: Ni mapinduzi, ni uasi, ama ni ghasia tu?

Swali la wiki hii limetoka kwa mwalimu mwenzangu wa Kiswahili huku Eastlands, anafunza shule ya upili, na nitaliweka hapa vile alivyoliandika manake lina utamu wake:

"Mwalimu, salamu sana. Nilikuwa nasahihisha insha, kijana wangu wa kidato cha tatu akaandika 'Mnamo Juni 2024 vijana wa Kenya walifanya mapinduzi kama yale ya nchi za Kiarabu.' Nikakata neno mapinduzi kwa wino mwekundu, juu yake nikaandika ghasia. Kijana kanifuata hadi stafurumu na gazeti mkononi, ati mbona ya Misri yanaitwa mapinduzi na ya Sudan pia, yetu ndio ghasia, kwani sisi ni nani? Walimu wenzangu wakacheka, mimi nikakosa jibu. Nani yuko sawa?"

Dadangu, nyote wawili mmekosea, lakini wewe umekosea zaidi. Sasa vuta kiti.

Mapinduzi limezaliwa na kitenzi pindua. Jikoni unapindua chapati isiungue upande mmoja, baharini dhoruba inapindua mashua, na huko juu mtu anapindua serikali. Angalia kitu kimoja hapo, kupindua lazima awepo wa kupindua. Mashua ikienda yenyewe tunasema imepinduka, matatu ikilala ubavu kwenye mtaro imepinduka, lakini hakuna siku umesikia mtangazaji akisema "mapinduko ya serikali", nomino tumeitoa kwa pindua, kwa hivyo ndani ya mapinduzi kuna mkono wa mtu na swali la kwanza la msomaji makini ni mkono wa nani. Na hapo ndipo Kiswahili kinatuacha njia panda, manake neno lenyewe halisemi kama ni mkono wa umati uliojaa barabarani mchana kweupe ama ni mkono wa jenerali na vifaru vyake saa tisa usiku.

Waarabu hapo wana maneno mawili. Kuna thawra, hiyo ni watu kuchemka na kuinuka. Halafu kuna inqilab, yaani kitu kugeuzwa chini juu, na hiyo siku hizi kwao ndio hutumika wanajeshi wakinyakua madaraka. Ukiangalia vizuri utaona picha iliyo ndani ya mapinduzi yetu ni ileile ya inqilab, lakini sisi tumeibebesha na mzigo wa thawra juu. Neno moja, kazi mbili.

Na hii si mambo ya walimu kuchezea chaki tu. Chukua Misri. Watu waliingia barabarani 25 Januari 2011, na 11 Februari Hosni Mubarak akaondoka baada ya karibu miaka 30, hiyo kila mtu akaiita thawra. Mwaka uliofuata wakapiga kura, Mohamed Morsi akawa rais. Juni 2013 mamilioni wakarudi barabarani kumpinga, na 3 Julai jeshi likiongozwa na Abdel Fattah al-Sisi likamwondoa. Sasa hiyo nayo ni nini? Waliokuwa wanampinga Morsi walisema ni thawra nyingine, wafuasi wake wakasema hapana, hii ni inqilab, na wakaanza kuzozana familia kwa familia kwa sababu ya neno moja. Huko Washington nako wakubwa waliliruka hilo neno kama mtu anaruka dimbwi la maji machafu, kwa sababu sheria ya Marekani inasema jeshi likiondoa serikali iliyochaguliwa msaada ukatwe, na msaada wa kijeshi kwa Misri ni kama dola bilioni 1.3 kwa mwaka. Neno lina bei bana. Lakini gazeti la Kiswahili lingeandika "mapinduzi ya Misri" 2011 na "mapinduzi ya Misri" 2013, msomaji wa Kayole anywe chai yake akijua ni kitu kimoja kimeendelea.

Sudan ni hivo hivo. Maandamano yalianza Desemba 2018, Omar al-Bashir akang'olewa 11 Aprili 2019, halafu 25 Oktoba 2021 jeshi likavunja serikali ya mpito. Kwetu yote ni mapinduzi, aliyepigania utawala wa kiraia na aliyeupora wanalala kitanda kimoja.

Kwa hivyo sheria yangu, na nimeipigania sana kwenye vyumba vya habari nilivyopita, ni kwamba usiliache mapinduzi litembee peke yake. Lipe kijalizo. Mapinduzi ya umma, mapinduzi ya kijeshi. Neno moja zaidi halitamaliza wino.

Halafu kuna masikio. Mtu wa Zanzibar akisikia Mapinduzi anaona 12 Januari 1964, sikukuu, gwaride, hata kombe la kandanda, ingawa wapo Wazanzibari wengine wanaoyaita mavamizi na wana sababu zao. Sikio la Nairobi ni tofauti kabisa. Sisi tukisikia mapinduzi tunaona 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga wameteka redio asubuhi wanatangaza serikali imeanguka, na kufikia jioni mambo yamezimwa, kilichobaki ni hofu. Marehemu mamangu alikuwa akilitaja hilo neno anapunguza sauti hata kama tuko ndani ya nyumba na mlango umefungwa, na hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Nadhani wewe pia ulipolikata ulikuwa na hilo sikio la 82, na sikulaumu. Ni kama Sabasaba tu, mtu wa Dar anawazia maonyesho ya biashara, mtu wa Nairobi anawazia 7 Julai 1990, Kamukunji na gesi ya machozi.

Haya, tuje kwa ghasia yako. Hapa ndio nakasirika kidogo.

Ghasia, fujo, vurugu, rabsha, hayo yote ni maneno yanayoelezea kelele na kuvurugika, hayaelezi mtu alikuwa anataka nini. Ni maneno ya mtu aliyesimama dirishani, tena dirisha la ghorofa ya juu. Maandamano ni kinyume chake, ni neno la aliye ndani ya mstari. Limetoka kwa andama, kufuata, ndio tunasema mwezi umeandama, ukiongeza -na mwishoni inakuwa kufuatana, kwenda pamoja, na wazee wa Pwani wangeweza kuliweka kwa arusi ama Maulidi bila mtu kushtuka. Halina jiwe wala moto ndani yake. Ndio maana hata magazeti ya Kiingereza ya hapa Nairobi yamelichukua vile lilivyo, yanaandika maandamano bila kutafsiri.

Na hiyo -na ina mchezo mwingine ambao wanafunzi wako wanafaa kuujua. Sikiliza habari za jioni, "kulitokea makabiliano kati ya polisi na waandamanaji". Kabiliana, pigana, kimbizana, ukiweka -na umesema kuna pande mbili na ziko sawa, huyu anapiga na yule anapiga. Mmoja ana bunduki, mwingine ana chupa ya maji na simu, lakini sarufi imeshawasawazisha. Halafu inafuata "watu kadhaa wakapoteza maisha", kama vile maisha yalianguka mfukoni ndani ya matatu. Aliyepigwa risasi ameuawa. Kiswahili kina kitenzi hicho, kifupi na safi, na Juni 2024 makumi ya Wakenya waliuawa, sasa ukiandika ghasia mahali pa hiyo sentensi yote umefuta nani alitaka nini na nani alimfanya nani. Kijana wako alilisikia hilo ndio akaja mbio, hata kama hakujua kulisema.

Swali lake lile la "kwani sisi ni nani" nalo si la utoto. Watu wa mbali wakitazama mji wa mtu mwingine ukichemka wanachagua neno kabla hawajachagua upande, ama labda ni kinyume, wanachagua upande halafu neno linafuata. Wakimpenda rais ni ghasia, wasipompenda ni mapinduzi, na yakiwatia raha sana wanayapa jina la ua. Georgia 2003 ikawa ya waridi, Kyrgyzstan 2005 ikawa ya tulipu, Tunisia ikapewa ya yasmini. Yasmini! Sisi hilo ua tunalijua, asumini ya kikuba, ya bibi arusi. Watunisia wengi wenyewe hawakutaka ua, kijana Mohamed Bouazizi alijichoma moto Sidi Bouzid 17 Desemba 2010 baada ya kunyang'anywa bidhaa za kuuza, akafariki 4 Januari, siku kumi baadaye rais Ben Ali akatoroka, kuna harufu gani ya yasmini hapo? Wao walisema thawra ya karama, na karama kwa Kiarabu ni utu, heshima ya mtu, si hii karama yetu ya kipaji na baraka.

Hata hayo "Machipuko ya Kiarabu", ile Arab Spring, mliyojaza kwenye vitabu ni jina la wageni. Ni Wazungu walio na majira ya machipuko, theluji inayeyuka majani yanatoka, walilitumia kwa Ulaya ya 1848 na tena kwa Prague 1968, halafu wakalibandika kwa moto ulioanza Desemba. Sisi huku tuna masika na vuli, mtoto wa Nairobi akisoma machipuko anafikiria sukuma wiki. Mimi huandika vuguvugu la nchi za Kiarabu, na najua kuna mtu atanicheka ati vuguvugu ni maji ya kuoga yaliyopoa, lakini kamusi inaliruhusu na mimi nalipenda, ni joto lililoanza ambalo hujui kama litachemka ama litapoa.

Kitu kinachonichekesha ni kwamba ukitega sikio kwa waandamanaji wenyewe badala ya watangazaji utakuta wanaongea karibu Kiswahili. Kule Sudan walikuwa wakiimba "tasgut bas", yaani ianguke, basi. Hiyo basi ni hii yetu, ileile ya "basi yaishe". Cairo walikusanyika Maidan Tahrir, Kiev walikusanyika Maidan, na sisi tuna medani, ingawa yetu tumeiachia vita na kandanda. Na ule wimbo mkubwa wa 2011, "ash-shaab yurid isqat an-nizam", watu wanataka kuangusha nizam. Unajua nizam ni nini? Ni nidhamu! Kwa Kiarabu ni mfumo, utawala, mpangilio wa dola, ukavuka bahari ukafika kwetu ukageuka kuwa kile kitu mwalimu mkuu anapigia kelele gwarideni. Kwa hivyo ukitafsiri kwa masikio tu, Wamisri milioni nzima walitoka nyumbani kwenda kuangusha nidhamu. Fitina nayo ni hivo hivo, kwetu ni umbea wa plotini, kwa Kiarabu ni neno zito la watu kugawanyika na kumwaga damu, na ndilo watawala wa huko hulitoa haraka wakitaka vijana warudi nyumbani.

Ukitaka mfano wa nyumbani wa kumpa kijana, mpe Majimaji. Wajerumani wanayaita yale ya 1905 hadi 1907 uasi. Kiswahili kinasema Vita vya Majimaji. Uasi una maana kulikuwa na mkubwa halali ukamkaidi, ndio maana hata dhambi ni maasi. Vita ni watu wawili, kila mmoja na haki yake ya kusimama. Na Mau Mau, Waingereza walitangaza hali ya hatari Oktoba 1952, nyanya zetu hadi leo wanaita wakati wa emajensi, wapiganaji wakaitwa magaidi, na hata baada ya uhuru serikali yetu wenyewe ilikaa na ile marufuku ya mkoloni mpaka 2003. 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa fidia wazee 5,228 na ikasema "inasikitika". Kusikitika si kuomba msamaha, muulize Mswahili yeyote aliyekanyagwa kwenye basi.

Sasa insha. Juni 2024 hakuna kilichopinduliwa. Vijana waliingia bungeni tarehe 25, kesho yake rais akasema hatautia sahihi mswada wa fedha waliokuwa wanaupinga, Julai 11 akalivunja baraza la mawaziri karibu lote, lakini yeye amebaki, bunge limebaki, na wengi wa wale waliokuwa barabarani hawakuwa wanaomba jeshi liingie. Kwa hivyo mapinduzi hapana, hata ya umma. Mageuzi pia ningesita, hilo lina kazi yake ya miaka ya tisini na vyama vingi. Angeandika "vijana waliuangusha mswada" ningempa alama kamili, angeandika mwamko wa vijana ama vuguvugu la Juni pia sawa, na akiandika tu maandamano hajakosea kitu. Kulinganisha na nchi za Kiarabu ni sawa vilevile, mradi aseme analinganisha nini, watu walivyotoka ama mambo yalivyoishia.

Alama uliyomkata kwa mapinduzi kaa nayo. Ile ghasia uliyoandika juu si yake, ni kosa lako, ifute na umwonyeshe umeifuta. Na kwenye ile picha ya insha uliyonitumia, mstari wa nne kutoka chini, ameandika "haliyekuwa rais wa Misri", hiyo h ndio ilihitaji wino mwekundu na umeipita tu hivi hivi.