Mzabibu una majani tele lakini hauzai: usikimbilie mbolea

Kwa aliyeuliza kwa nini mzabibu wake wa Kisauni, mwaka wa nne sasa, umefunika chanja lote bila kutoa hata kichala: samadi iache kwanza. Utazidisha majani tu.

Kichala huanza kuumbika ndani ya jicho, yaani kile kifundo cha tawi kinachochipua, msimu mmoja kabla, tawi likiwa bado changa. Jicho likikosa jua hutoa zile nyuzi za kujishikia, maua hakuna. Kama chini ya chanja pana kivuli cha kutandika mkeka mchana, umeshapata jibu.

La pili, hapa Mombasa hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkasi ndio baridi yake. Tangu kupogoa hadi kuvuna ni kama siku 110 hadi 130, kutegemea aina. Mvua ya masika ikikuta zabibu mbivu, zitapasuka na kuoza. Basi pogoa mwanzo wa Novemba, uvune mwanzo wa Machi.

Wiki mbili kabla ya kupogoa, punguza maji. Chagua matawi ya kahawia yenye unene wa penseli, yaliyopata jua, uyakate yabaki na macho 6 hadi 8, kisha ng'oa majani yote. Sasa pale wengi wanapokosea: jicho la nchani huamka kwanza na kuyazuia ya nyuma. Pinda tawi, ulifunge lilale bapa au liiname kidogo, ndipo macho yaamke karibu pamoja.

Vuli itayakuta machipukizi machanga, kwa hiyo kagua majani kila siku mbili. Unga mweupe juu ya jani ni ugonjwa, dawa yake ni salfa, inyunyize alfajiri. Joto likizidi nyuzi 32, salfa huunguza majani. Madoa kama ya mafuta juu na ukungu chini yake yanataka dawa ya shaba, salfa haitasaidia.

Kingo za majani zikikauka, onja maji ya kisima, huenda yana chumvi. Jani likiwa manjano na mishipa kijani, ni chokaa ya mawe ya matumbawe inayozuia madini ya chuma. Usitie majivu, yatazidisha.

Vichala vikianza kulainika, vivishe mifuko ya neti. Kunguru wa mji huu hawangoji ziive.