Mume wangu anaionea wivu sauti yangu

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 41, ni mhasibu hapa Dar es Salaam. Nilianza kujifunza kuimba jazi nikiwa na miaka 37, na sasa kila Ijumaa naimba hotelini kwa malipo. Nataka kuacha kazi niwe mwimbaji kamili. Mpiga kinanda wetu anasema nina kipaji cha nadra, lakini mume wangu ananionea wivu. Hunileta, kisha hukaa garini hadi saa sita usiku bila kuingia kunisikiliza. Gregory Porter, yule mwimbaji wa jazi wa Marekani, naye alichelewa, mbona alifika?
Mwenye Sauti"

Marahaba, mwanangu. Hongera, kwa kuwa kulipwa jukwaani baada ya miaka minne tu ya mazoezi si jambo dogo. Huruma yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeifupisha, lakini niliisoma yote mara mbili, na katika kurasa tatu mpiga kinanda ametajwa mara saba, ilhali ada ya mwalimu wako wa sauti, na aliyeilipa, umeigusia mara moja, tena ndani ya mabano. Aliyeilipa ni mumeo. Mwanamume anayekesha garini kila Ijumaa ili mkewe asirudi nyumbani peke yake haoni wivu. Amechoka, na pengine anangoja kualikwa. Huenda pia, kama wengi waliolelewa na redio ya baba, akisikia neno jazi anatarajia magitaa ya bendi ya dansi ya Morogoro Jazz, si nyimbo za New York. Je, uliwahi kumweleza tofauti?

Huyo Porter umemsoma nusu. Ni kweli kwamba albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2010 akiwa na miaka 38, lakini mama yake alikuwa mhubiri, naye aliimba kanisani tangu utotoni huko California. Na alipohamia New York alipika katika mgahawa wa ndugu yake huku akiimba usiku kwenye klabu. Mwiko ulitangulia tuzo ya Grammy ya mwaka 2014. Mwimbaji mwingine wa Marekani, Alberta Hunter, naye aliacha jukwaa, akawa muuguzi kwa takriban miaka 20, kisha mwaka 1977 akarudi kuimba akiwa na miaka 82. Jazi humsubiri mtu, kwa sababu ujuzi wa kulichelewesha neno nyuma ya mdundo, au wa kuufuata wimbo bendi inapobadilisha ufunguo wa sauti, hunolewa na miaka.

Ada ya shule haisubiri. Hoteli hukulipa shilingi 70,000 kwa usiku, yaani 280,000 kwa mwezi, nawe una watoto wawili. Usiache kazi. Wanandoa wa siku hizi mkizuiwa jambo moja mnaita wivu, hata pale mwenzenu anapopiga hesabu ambayo mhasibu mwenyewe ameikwepa.

Ijumaa hii usishuke garini peke yako. Mshike mkono, mkalishe meza ya mbele, kisha umtambulishe kwa huyo mpiga kinanda. Halafu niandikie ni yupi kati yao aliyebadilika uso.